Mama Nyuzi na Tangi la Baba

Mimi ni mtu wa kununua kwanza na kuuliza baadaye. Mama ameilalamikia tabia hiyo tangu nilipoanza kushika pesa zangu mwenyewe, na hajakosea. Kwa hiyo siku baba aliponivuta mkono wa shati, akaandika neno DISHI pembeni mwa gazeti kwa mkono wake wa kushoto, herufi moja moja, sikungoja maelezo. Nilichukua mkoba nikaenda dukani mchana uleule.

Neno lile lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Baba alikuwa na miezi saba tangu apigwe na kiharusi. Miaka arobaini alikuwa fundi bomba, mtu wa kupiga kelele kutoka chini ya sinki la jirani na kusikika mpaka kwetu. Kiharusi kiliulegeza mkono wa kulia na mguu wake, na maneno yakawa yanatoka vipandevipande. Alijisikia mara mbili tatu, akaona heri anyamaze. Daktari alisema azoezwe kuongea kila siku. Tulijaribu wiki moja, tukachoka, tukaanza kumsemea. Nyumbani alikuwa ameshakuwa "mgonjwa": mgonjwa amekula, mgonjwa amelala, mgonjwa asogezwe dirishani. Nasema haya bila kujivunia.

Na kwa nini dishi? Mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu, ni refa. Alipoanza kuchezesha mechi, miaka sita iliyopita, baba alimwambia mezani kwamba kama hamu yake ni kupuliza filimbi, barabarani kuna magari mengi ya kuongoza. Sisi wengine tulicheka. Yeye hakucheka, na baada ya muda akahamia mji mwingine. Baba hakuwahi kukanyaga uwanja aliochezesha. Baada ya kiharusi mdogo wangu akawa anapiga simu kila Jumapili, na baba akisogezewa simu anageuzia uso ukutani. Mdogo wangu alidhani bado ni hasira. Mimi nilijua ni aibu ya ile sauti, lakini sikuwahi kumweleza vizuri.

Sasa gazeti lilikuwa limeandika kwamba amechaguliwa kuchezesha fainali ya wanawake, Jumamosi saa tisa alasiri, katika mji ambao kufika kwake ni safari ya siku nzima. Daktari hakutaka hata kuisikia habari ya safari hiyo. Runinga yetu ya antena ilikuwa na stesheni mbili, na moja ilikuwa chenga tupu. Mechi ni siku moja. Kama baba asingemwona bintiye Jumamosi ile, asingemwona.

Dukani muuzaji alinieleza kwamba kifurushi chake kina chaneli mia moja na sitini. Mia moja na sitini! Nilisikia fahari kana kwamba nimezitengeneza mimi. Hakuniuliza nataka kuona nini, nami sikumwambia. Nilirudi na boksi, likakaa sebuleni siku mbili likimngoja fundi wa duka ambaye kila nikimpigia yuko njiani. Mwishowe mama akauliza kwa mwanamke anayemshonea nguo, akapewa namba ya Mama Nyuzi.

Alikuja Jumanne asubuhi, ngazi ya vipande viwili begani na mkoba wa vifaa mgongoni. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito kwa hiari yake. Jina la Mama Nyuzi alipewa na wateja, kwa kuwa hajui kusema "sogeza kidogo". Atasema "nyuzi mbili kushoto", nyuzi za kupimia pembe, hata kama ni kiti unachosogeza. Mtu akimdanganya kidogo, husema huyo amepinda nyuzi tatu. Akidanganywa sana hasemi kitu, anakusanya vifaa vyake anaondoka.

Alivua viatu mlangoni, akapita boksi langu bila kuligusa, akauliza runinga hii ni ya nani. Nikasema ni yangu, mimi ndiye niliyenunua. Akasema hakuuliza aliyenunua. Alitaka kujua picha ikikatika ni nani atakayeumia. Mimi na mama tulitazamana, kisha tukamtazama baba.

Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, macho kwa macho.

"Nimeona stendi ya tangi hapo nje," akasema. "Ni wewe uliyeichomelea?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Basi tuongee, fundi mwenzangu. Unataka kuona nini?"

Neno fundi halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile kwa miezi saba. Niliona mgongo wa baba ukinyooka kwenye kiti. Akamwonyesha gazeti kwa kidole, akamwonyesha picha ya mdogo wangu ukutani, na yule mama akasoma habari yote taratibu, mpaka mstari wa mwisho. Hapo ndipo alipoomba karatasi za boksi langu.

"Umenunua mia moja na sitini," akaniambia, "na unayohitaji ni moja. Haimo humu."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia muuzaji alisema zimo zote, nikamwambia mtu hawezi kukosa kitu kimoja ndani ya vitu mia moja na sitini. Hakubishana. Alinieleza kwamba mechi ile inaonyeshwa na kampuni nyingine, kwamba kampuni ile inatumia setilaiti nyingine iliyo upande mwingine wa angani, na kwamba kifurushi chake chenye chaneli ile ndicho kidogo kuliko vyote. Mtu anachagua kwanza anachotaka kukiona, akasema, halafu ndiyo anauliza kinapatikana wapi. Mimi nilianzia mkiani. Nashukuru hakucheka, maana angecheka ningemfukuza, na nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Boksi lilikuwa bado halijafunguliwa. Alinisindikiza dukani, akasimama kwenye kaunta mikono imekunjwa, bila neno kali hata moja, mpaka king'amuzi kikabadilishwa.

Tuliporudi akaanza kuzunguka uani na dira, pamoja na kifaa alichojitengenezea mwenyewe: kipimapembe cha shule kilichofungwa uzi, na mwisho wa uzi nati nzito. Alikuwa anafumba jicho moja, anaelekeza ukingo wa kile kipimapembe angani, anasoma pale uzi unapolala. Nilimuuliza kama hana mashine. Akasema anayo, iko mkobani, lakini mashine haimwambii ukuta wa jirani utaziba wapi.

Na tatizo lilikuwa kweli ukuta wa jirani. Setilaiti ile iko chini angani, na upande huo jirani alikuwa ameongeza ghorofa. Juu ya paa letu, hapana. Ukutani, hapana. Sehemu moja tu ilikuwa inaona juu ya ghorofa lile: stendi ya tangi la maji, ile aliyoijenga baba miaka ishirini na miwili iliyopita. Baba aliwahi kuwapitisha wateja wake uani makusudi ili waione. Mama alikuwa akisema harusi yao haikutazamwa na watu wengi kama stendi ile.

Mama Nyuzi hakupanda. Alirudi ndani, akakaa tena kwenye kigoda, akamwomba baba ruhusa ya kufunga dishi kwenye chuma cha mbele. Akamuuliza kama stendi huyumba kwa upepo. Baba akatikisa kichwa kwamba haiyumbi. Akamuuliza basi kama anaruhusu. Baba alifumba macho, kisha akaitikia. Nilidhani anaionea wivu stendi yake. Kumbe alikuwa na neno, na hakuwa na njia ya kulitoa.

Wakati anakaza boliti Mama Nyuzi alinisimulia habari zake, vipande kwa vipande, spana mdomoni. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Miaka kumi na mmoja mumewe anapanda juu, yeye anakaa chini mbele ya runinga za watu, anasoma tarakimu za mawimbi na kuzipigia kelele dirishani: thelathini, arobaini, imepotea, imerudi. Siku moja mumewe akamwambia mteja, yeye akisikia, kwamba kazi ya chini anaweza kuifanya yeyote. Halafu mgongo ukamshinda mume, na mke akachukua ngazi. Wiki ya kwanza alikaribia kurudi kwenye ushonaji, kazi yake ya zamani. Mikono ilijifunza haraka, lakini watu aliowaweka chini walikuwa wakimsomea tarakimu huku wanaongea na simu.

"Juu ni mikono tu," akaniambia. "Macho yapo chini. Ndiyo maana simweki chini mtu yeyote ila yule anayeitaka picha."

Nikasema basi nitamsomea mimi. Akasema atasomewa na fundi. Nilimvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba baba haongei.

"Hawezi au hataki?"

Nilimgeukia baba. Miezi saba nimemlisha, nimemwosha, na sikuwahi kumuuliza.

Tulisogeza kiti cha baba mbele ya runinga na kufungua dirisha. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wake, na tarakimu pembeni. Mama Nyuzi alipanda, akalishika dishi kwa mikono miwili, akatulia.

Kimya. Dakika zikapita. Hakuita, hakuharakisha, hakuligeuza dishi hata unywele. Mimi nilikuwa naiona tarakimu, imeandikwa kubwa, na ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilipofungua mdomo mama alinifinya mkono kwa kucha, na mama yangu akifinya hafanyi mzaha.

"Ku... kumi," akasema baba. "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili, nimekusikia," sauti ikajibu kutoka juu, kama vile ni jambo la kila siku. "Nageuza uzi mmoja."

Ikawa kumi na tisa. Ikawa thelathini na moja. Ikapotea, na baba akasema imepotea, akatafuta neno, akasema rudi. Juu akarudi. Walikwenda hivyo karibu saa nzima, mafundi wawili wazima, mmoja hewani na mmoja kwenye kiti, mpaka themanini na nane, na picha ikasimama kwenye kioo safi kabisa. Mama alikwenda jikoni na hakurudi mpaka alipomaliza kulia. Nami nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Mama Nyuzi alikusanya vifaa, akasema atarudi Jumamosi. Nikamuuliza kwani kuna kilichobaki. Akasema kwake kazi haihesabiwi imekwisha mpaka kile nyumba ilichokitaka kiwe kimeonekana, naye yupo hapo anashuhudia. Ndivyo afanyavyo kwa kila mteja. Amewahi kukaa na bibi mmoja kutazama somo zima la kufuga nyuki.

Jumatano asubuhi nilisikia sauti kutoka sebuleni: "Themanini na nane." Alhamisi vilevile. Ijumaa akaongeza kwamba chai imepoa. Mama alipasha chai ile huku anacheka peke yake.

Jumamosi alfajiri maji yakatoka. Yalikuwa yamekatika siku tisa, tangi lilikuwa limebaki na maji ya kufunika sakafu yake tu, na mama alipousikia mlio kwenye bomba aliwasha pampu, nayo ikalijaza polepole mpaka likafurika mchana. Aliimba. Alisema leo tutatazama mpira na tutaoga.

Mama Nyuzi alifika saa nane, amevaa gauni safi, lakini mkoba wa vifaa uko mgongoni. Baba alikuwa amenyolewa ndevu na kuvalishwa shati jeupe. Saa nane na nusu picha ilianza kukatika vipande vya mraba. Uso wa mtangazaji ukagawanyika, sauti ikakwama, kisha kioo kikawa cheusi. Ubora wa mawimbi, thelathini na mbili.

Mwanamke yule alikuwa juu ya ngazi na gauni lake safi kabla sijafunga mdomo. Boliti zimekazwa. Waya mzima. Anga jeupe, wingu hata moja hakuna. Nilisimama chini namhesabia dakika, na nilimwambia neno baya, kwamba ametuchezea. Alishuka, akaingia ndani, akavuta kigoda.

"Fundi, nieleze ilivyoshuka."

Baba akaanza kuhesabu. "Asubuhi... themanini na saba. Saa nne, sabini. Saa sita..." Akaonyesha kwa mkono, chini, chini.

"Kwa hiyo haikukatika. Imeteremka polepole." Akatugeukia. "Nini kimebadilika nyumbani humu tangu asubuhi?"

Nikasema hakuna. Mama akasema hakuna, ila maji yamerudi.

Baba akafumba macho, kama alivyofumba Jumanne. Alipoyafumbua alimtazama mama, si Mama Nyuzi.

"Chuma cha mbele," akasema. "Chembamba. Niliishiwa... vinene. Nikaweka chembamba, nikapaka rangi." Akavuta pumzi. "Tangi likijaa, kinapinda."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu augue, na yalikuwa ni kukiri. Miaka ishirini na miwili amepitisha watu uani kuitazama stendi ile, na miaka yote hiyo anajua kwamba kila tangi likijaa, chuma kimoja kinalegea kwa upana wa kidole, na likipungua kinanyooka tena. Hakuna mtu ambaye angejua. Angenyamaza, tungemlaumu Mama Nyuzi, nami nilikuwa nimeshaanza.

Na yule mama angeweza kusema, "Unaona sasa?" Wapo mafundi ninaowajua mimi ambao wangesema hivyo na kudai walipwe kwa safari ya pili. Yeye aliuweka mkono wake juu ya mkono wa baba, ule mlegevu.

"Kosa ni langu, fundi. Nilikuuliza habari ya upepo, sikukuuliza habari ya maji." Kisha akasimama. "Tumwage au nigeuze?"

"Geuza," akasema baba. "Maji yasiguswe."

Safari hii hakukuwa na kimya. Baba alizipiga zile tarakimu kwa sauti ile ya chini ya sinki, vipande au si vipande, na juu zilikuwa zinajibiwa moja baada ya moja. Arobaini, nimesikia. Hamsini na tano, nimesikia. Jirani alitoka kwenye ghorofa lake kutazama. Saa tisa kasoro dakika nne ilifika themanini na sita, picha ikarudi, timu ziko kwenye mlango wa uwanja.

Ndipo tulipoanza kuishi chini ya sheria ya baba. Maji yasiguswe, na maji hayakuguswa. Mama alikuwa na vyombo vyenye povu kwenye beseni, vikakaa na povu lao. Mimi nilikuwa na kiu, nikakaa nayo. Jirani alikuja na ndoo kuomba kidogo, baba akamwonyesha kiti, naye akakaa na ndoo yake mapajani mpaka mwisho wa mechi.

Mdogo wangu alitoka wa kwanza, mpira kwapani, nywele amezifunga nyuma. Alionekana mdogo, kisha akapuliza filimbi na hakuonekana mdogo tena. Dakika ya sabini alitoa penalti. Wachezaji saba wakamzunguka, wanampigia kelele usoni, uwanja mzima unazomea. Yeye alisimama, mkono umenyooka kuelekea kwenye alama, hasogei.

"Hapohapo," baba alimwambia yule binti wa kwenye kioo. "Simama hapohapo."

Alisimama. Walipiga, wakafunga, mechi ikaisha, na sikumbuki hata ni timu gani ilichukua kombe.

Simu ililia baada ya nusu saa. Mama aliipokea na kuiweka kwenye spika, na mdogo wangu, bado anahema, akauliza kama kuna aliyetazama. Kabla sijamjibu kwa niaba ya mgonjwa, baba alinyoosha mkono wa kushoto na kuichukua simu. Mama Nyuzi aliinuka palepale, akatoka nje bila kuaga.

"Mechi nzima," baba akasema.

Mdogo wangu akauliza: "Nani anaongea?"

"Baba yako." Akavuta pumzi, na nilijua uso ule, nilikuwa nimeuona siku hiyohiyo, alipotaja kile chuma. "Ile ya... barabarani. Magari. Nilikosea."

Nilitoka, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mtu kama mimi huyaacha wenyewe. Mama Nyuzi alikuwa chini ya tangi, anakipapasa kile chuma chembamba na kukipima kwa shubiri. Alikuwa ameshaamua kwamba wiki inayofuata atakuja na kingine cha kukiegemeza. Nilimwomba radhi kwa neno nililomwambia. Akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kumweleza baba anasema nini huko ndani.

"Maneno yao si yangu," akanikata. "Niambie tu, anasikika?"

Dirishani sauti ya mdogo wangu ilikuwa inalia na kucheka, na ya baba ilikuwa inamjibu, polepole, kipande kwa kipande.

"Anasikika," nikasema.

"Basi kazi imekwisha." Akafungua bomba, akanawa mikono.